Yaya Agar, Uso Wangu Umepona

Butembo, tarehe 14 Oktoba 2025

Mpendwa Yaya wangu Agar, mukubwa wangu wa Kisangani,

Tumsifu Yesu Kristu. Nakusalimia na mikono mbili, weye na batoto. Muko namna gani na ile joto yenu? Goti ya kushoto ingali inakusumbua? Sisi tuko, kwa neema ya Mungu. Mvua inanyesha kila siku nyuma ya saa sita. Bajamaa ba Kirumba bangali kwetu juu ya vita, batu sita mu chumba cha wageni, donc kelele haikosi. Mama, mwenye alikulea sawa mutoto wake, ako na miaka makumi nane na moja na meno ine, na bado anatushinda sisi wote kwa kusema.

Naandika barua juu maneno haya hapana ya telefone. Ku telefone ungenikata. Soma mpaka mwisho, na ukae kwanza.

Nianze na uso na kovu yake ya zamani, juu ni weye ulinituma Kampala kwa ile mashine ya laser. Mara ya tatu na ya mwisho ilikuwa mwezi wa saba. Batu banafikiri laser ni mwangaza tu, sawa toshi. Wee! Balinipakaa pommade ya kutia ngozi ganzi, nikangoja saa nzima, bakanifunika macho, na mashine ikaanza: ta-ta-ta-ta, sawa cheche za makala zinarukia shavu. Na ile harufu! Unakumbuka kuku akisha kunyonyolewa, tunamupitisha juu ya moto? Ni ile ile, mais kuku ni miye. Nilikuwa nashika rozari. Nilifika ku fumbo la taji ya miiba, sikuweza kupita pale. Docteur akasema neno mu kiingereza, na Bénie, mutoto wangu aliyenisindikiza, akatafsiri: «Mama, anauliza kama ungali unapumua.»

Magaribi uso uliwaka sawa mutu amekupakaa pilipili mbichi. Asubuhi jicho moja halikufunguka, na Bénie aliponiona alicheka mpaka akalia. Nililala nimeegemea mito tatu. Vaseline kila saa, jua hapana hata kidogo. Siku ya tatu maji ilikuwa inatoka, siku ya tano ngozi ikawa magamba ya kahawia, sawa makapi ya kahawa imenikaukia ku shavu. Maumivu ilipita, ikaja kuwasha. Yaya, heri maumivu! Kukwaruza ni marufuku, basi nilivaa soksi za Onésime ku mikono. Bwana yangu alitafuta soksi zake juma nzima.

Na hapo nilikuwa nilisharudi nyumbani. Mama Marie-Jeanne, jirani wetu wa ng'ambo ya ua, aliniona ku dirisha na yale magamba. Hakupiga hodi. Alikimbia kwa chef wa avenue, mukubwa wa mutaa, kusema niko na mpox. Nyuma ya saa moja, bijana babili ba afya hawa hapa, na gilet ya kazi, na gant ku mikono, na thermomètre ya kupima joto.

«Mama, unatoka wapi?»

«Kampala.»

Bakarudi nyuma hatua tatu. Onésime akatoka na karatasi ya docteur, kiingereza kitupu, hakuna aliyeweza kuisoma. Akabaambia: «Bibi yangu hapana mugonjwa. Balimupika, na alikubali mwenyewe!» Bénie ndiye alibaeleza mpaka bakacheka. Kesho yake Marie-Jeanne alileta sahani ya sombe, akakaa, akaniangalia muda murefu, akauliza kama ile mashine inaweza pia kupunguza tumbo.

Sasa mwisho wa yote. Docteur aliniambia toka siku ya kwanza: kovu haitaisha, italainika. Na ni vile. Chini ya jicho fasi ingali nyeusi, inaenda inapotea pole pole. Mais ule mudomo uliovutwa ku shavu umeachiliwa. Juzi nilikunywa sucré, ile soda, ku chupa, hakuna tone lililoanguka. Mu chorale sishiki tena kitambaa ku mudomo. Wasingya, Yaya, aksanti. Wasingya kutsibu.

Miaka kumi na moja hujafika huku. Kila mara unasema: «Nitakuja siku uso wako utapona, mbele ya hapo nitauangalia namna gani?» Basi umepona. Na ndiyo maana siwezi tena kunyamaza.

Yaya, ile sufuria ya mafuta haikuanguka kwa kosa lako.

Mama alikuwa amekwenda kuteka maji, weye ulikuwa unachunga beignet mu mafuta ya moto, umenipa mugongo unapanga kuni. Mimi na miaka yangu nane nilitaka moja mbele ya Mama kuzihesabu. Nilipanda ku jiwe la jiko, nikanyoosha mukono, jiwe likateleza. Ulisikia, ukageuka, ukashika mukono wa sufuria ili isinimwagikie yote. Mama alipoingia aliona mukono wako ku sufuria na shavu langu. Alikupiga na mwiko, na nyuma ya juma mbili alikutuma Mangina kwa Kaka, mama ya Mama. Kila mutu alisema ni Agar aliyevuta. Na weye, kwa kusikia vile kila siku, ukaamini. Mimi nilijua. Kwanza niliogopa mwiko, halafu niliogopa weye.

Pale chini ya mashine, macho imefunikwa, niliona tu ile beignet. Nikaenda kuungama. Padri akaniambia: «Mungu amesikia. Agar bado.»

Nikamwambia Mama kwanza, siku ya Pili, ile Jumanne ya juma iliyopita, anasonga bugali. Aliacha kusonga. Bugali ikashika chini, hakuiondoa ku moto. Halafu akaosha mwiko, ule ule, ncha yake imelika na moto, akaukausha na kitambaa, akasema: «Mutoto wa dada yangu nilimupiga bure. Mutumie huu. Aurudishe na mukono wake, na akifika ni zamu yake ya kunipiga.»

Hakulia. Usiku ndiyo alilia, nilimusikia.

Basi ile mwiko inakuja pamoja na barua, ndani ya kipande cha kitenge cha buluu. Imebebwa na Issaka, yule dreva wa Beni. Usimulaumu, hajui anabeba nini, anafikiri ni dawa ya goti. Weye usirudi na barabara, upande ndege. Mimi sikuombi unisamehe mu barua. Njoo uniambie ndiyo ao hapana mbele ya uso wangu. Sasa nitaweza kulia na mudomo mzima.

Onésime anakusalimia, na Bénie, na hata Marie-Jeanne, ambaye anataka kujua kama Kisangani kuna mashine ya tumbo. Bikira Maria akufunike na akulinde angani.

Ni mimi mudogo wako niliyekuficha neno na ninayekupenda,

Kahindo

Tena: tangu ile siku ya Pili tunasonga bugali na kijiko cha supu. Imejaa mabonge. Onésime amevumilia soksi, mais hii anasema hapana. Fanya haraka.