Mama Jiwe, Lori Jipya na Kiti cha Meneja

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Jiwe (ndilo analoitikia)
Umri: miaka hamsini na mbili, kwa kukisia
Kazi: kupakia na kupakua matofali, kuweka jiwe nyuma ya gurudumu
Makazi: nyumba ya pili kutoka tanuri la matofali, bondeni
Elimu: darasa la tatu
Uhusiano na mtuhumiwa: mama mzazi

Afande, kwanza salamu. Umeniambia nianze na tukio, lakini mimi sikulelewa kumwingilia mtu na shida kabla sijamjulia hali. Hujambo, mwanangu? Na wa nyumbani kwako wote wazima? Kwangu mimi mume wangu hajambo, ila mgongo ndio unaomlaza, na anakusalimu ingawa hakujui. Mama mkwe hajambo, leo amekunywa uji wote. Mwanangu wa pili, anayefyatua matofali, hajambo, amebaki kulilinda tanuri kwa sababu limewashwa, na tanuri likishawashwa haliachwi. Mjukuu wangu hajambo, tumemwambia mama yake amekwenda kuleta lori. Aliyebaki ni binti yangu wa kwanza, dereva wetu, ambaye mnaye nyuma ya mlango ule wa chuma. Huyo naomba unisalimie wewe, maana mimi nimezuiwa kupita.

Hayo nayo yaandike. Asiyeijua nyumba yetu hatajua kwa nini tulitaka lori.

Sisi tunachoma matofali bondeni na wanaojenga wako juu mlimani. Lori letu la zamani tulilipa jina la Shangazi, kwa kuwa hufika anapotaka, na akifika ananung'unika. Zamani mume wangu ndiye aliyekuwa akimwendesha. Mgongo ulipomkataa, usukani akaushika binti yangu. Mimi hukaa nyuma juu ya matofali na jiwe langu. Lori likisimama mlimani naruka chini, naliweka jiwe nyuma ya gurudumu, na nikishaona limekaa sawa napiga kelele, "Limekaa!" Hapo ndipo dereva anaachia mguu kwenye breki. Bila sauti hiyo mguu hautoki. Ndivyo tunavyofanya kazi tangu binti yangu alipokuwa hafiki vizuri kwenye kioo.

Mwaka juzi, kwenye mlima wa kwenda shule mpya, breki za Shangazi zilichoka kabla sijatoa mkono. Dole gumba langu la kulia lilibaki kule. Binti yangu ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na hakukosea kitu, mguu wake ulikuwa umekanyaga breki hadi chini. Hatukulizungumza sana. Ila siku moja akiwa anapepeta mchele alisema, "Mama, lori lijalo litakuwa lile linalojizuia lenyewe. La sivyo natafuta kazi ya kufua." Nikamwambia sawa. Kwa hiyo ujue, afande, hatukwenda dukani kutafuta fahari. Tulikwenda kutafuta kitu kimoja.

Duka hilo la magari liko barabara ya lami, lina vioo kutoka chini hadi juu. Muuzaji alitupokea vizuri, alivaa tai, akatupa maji baridi. Binti yangu akamwambia, "Kaka, tunataka lori la kubeba matofali, bodi ndefu, springi ngumu, na ile breki inayolishika lori mlimani ukiachia mguu."

Muuzaji akasema ipo. Breki ya mlima iko kwenye Kifurushi cha Fahari.

Nikauliza humo kuna nini kingine. Akaanza kutaja na mimi nikawa nahesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, vikaisha, na kwangu huisha mapema. Viti vya ngozi. Paa la kioo linalofunguka. Taa za rangi chini ya miguu. Redio yenye sura kama televisheni. Na bodi fupi yenye mfuniko.

Nikamwambia, "Baba, matofali yangu hayana haja ya kutazama nyota. Nipe breki tu."

"Mama, breki haiuzwi peke yake."

"Kwa hiyo nikitaka chumvi ninunue na duka?"

Akacheka, akasema ndivyo kiwanda kilivyopanga, yeye ni wa kuuza tu. Akatuonyesha lingine, la Kifurushi cha Kazi. Hilo bodi yake ndefu, springi zake ngumu, ndoano za kamba kila upande. Nililipenda hadi nikalipapasa. Lakini breki ya mlima halina. Lenye breki halibebi, linalobeba halina breki. Binti yangu akamwambia, "Hiki kiwanda kinadhani milima wanapanda matajiri tu, tena mikono mitupu." Muuzaji akatuongezea maji.

Tulirudi nyumbani. Mume wangu akasema tuchukue la Kazi, jiwe si bado lipo? Nikamwambia jiwe lipo, vidole ndivyo vinavyopungua. Nikarudi dukani peke yangu, nikarudi tena, hadi mlinzi wa getini akawa ananiita mama mkwe wa duka. Kila nikifika, muuzaji ananionyesha kitu kingine. Mara vishikio vya vikombe, mara rangi inayong'aa. Siku moja akaniambia kuna Kifurushi cha Safari, ndani yake kuna hema. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi naishi karibu na tanuri, nikatafute wapi tena pa kulala vibaya?" Nikakaa kwenye benchi lao na kusema siondoki mpaka mtu apige simu kiwandani.

Ndipo akapiga, au alisema amepiga. Akaniambia, "Mama, umeshinda. Agizeni la Kazi, na breki nitaiombea iwekwe kama nyongeza." Nilimwombea dua pale pale. Binti yangu akalipia, tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri msimu mzima wa mvua, na Shangazi akiwa mgonjwa zaidi kila wiki.

Mnamo leo tarehe kumi na nne, siku ya Jumanne, majira ya saa nne asubuhi, nilifika dukani hapo pamoja na binti yangu kuchukua lori. Jiwe nililiacha nyumbani. Muuzaji alikuwa ameniambia kwa simu, "Mama, jiwe kaanikie nguo, kazi yake imekwisha." Nikamwamini.

Lori lilikuwa limeegeshwa kwenye ule mteremko wa saruji wa kutokea uani, uso ukitazama juu barabarani. Jeupe, bodi ndefu, ndoano zote. Binti yangu alilizunguka ameshika mdomo. Akapanda, muuzaji akapanda kando yake. Mimi nikabaki chini, nimezoea chini.

Nikasema, "Nionyesheni breki."

Muuzaji akaonyesha kitufe chenye mistari mitatu iliyopindapinda. Akasema, "Hii mistari ndiyo milima yenyewe, mama. Unabonyeza, unakanyaga breki, unaachia, gari linashika lenyewe." Akabonyeza, kitaa kidogo kikawaka.

Mimi si mtu wa kubisha, lakini nina wasiwasi, nimezaliwa nao. Nikamwambia, "Basi shuka, baba, usimame nyuma ya gurudumu, halafu binti yangu aachie."

Akacheka. "Mama, mimi nina mke."

Nikamwambia, "Na mimi nina mume, na nimesimama hapo maisha yangu yote."

Hakushuka. Akasema sheria za duka haziruhusu. Nikatafuta jiwe uani, hakuna, wamefagia hadi changarawe. Mlangoni palikuwa na kiti kikubwa cheusi cha magurudumu, mfanyakazi wa usafi alikuwa amekitoa ili apige deki. Nikakisukuma mpaka nyuma ya gurudumu la kushoto, nikakilaza ubavu ili kisitoroke. Nilifikiri hivi: kama breki ipo, kiti hakitaguswa. Kama haipo, afadhali kiti, kiti hakina mama wa kukililia. Sikujua kuwa ni cha meneja. Hata ningejua ningekilaza.

Nilipoona kimekaa sawa, nikapiga kelele, "Limekaa!"

Hapa naomba uandike polepole, afande, maana ndiyo sababu ya mimi kuja. Binti yangu hakuona kiti. Kutoka kwenye usukani hapaonekani, nenda ukapande uone. Alichosikia ni sauti yangu ikisema neno lile lile ninalosema siku zote. Na kando yake muuzaji alikuwa akimwambia, "Achia tu, dada, litashika." Tangu lile dole langu, binti yangu hajawahi kuachia mguu bila kusikia neno hilo. Akalisikia, akaachia. Meneja amekuja hapa kusema kuwa aliingiza gia ya nyuma kwa hasira ili aharibu mali. Hakuingiza gia yoyote. Lori lilirudi lenyewe.

Lilirudi taratibu kwanza, kama mtu anayesinzia. Halafu likapanda juu ya kiti. Kilitoa sauti mbaya. Mguu mmoja wa kiti uliruka hadi kwenye kioo cha duka, kioo hakikupasuka. Binti yangu akakanyaga breki, lori likasimama. Alishuka akiita, "Mama! Mama!", akapiga magoti kutazama chini ya gurudumu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikimwambia niko hapa, lakini hakunisikia. Mpaka nilipomshika bega. Akanitazama mikono yote miwili, kidole kimoja kimoja.

Hayo niliyaona. Sitaki kuyaeleza zaidi.

Muuzaji naye akashuka, anajishika nyuma ya suruali. Akasema kiti alichokalia kinaunguza. Binti yangu akapanda tena, akaweka kiganja pale, akasema, "Mama, njoo uguse, kiti kina homa." Nikagusa. Ni kweli. Kile kitufe cha milima ni cha kupasha viti joto. Tumeomba breki, tumeletewa jiko la makalio. Nchi yenyewe hii jua, na kazi yetu tanuri.

Wakati huo meneja akatoka mbio. Hakuuliza nani ameumia. Alisema, "Kiti changu!" Binti yangu akamjibu, "Kiti chako kimekufa badala ya mama yangu, kizike kwa heshima." Hayo ndiyo maneno ya hasira aliyosema, hakutukana. Meneja akapiga simu kituoni. Askari walipofika waliuliza nani alikuwa anaendesha, na binti yangu akainua mkono kabla sijafungua mdomo. Amekuwa hivyo tangu utotoni, akitafutwa mkosaji anainua mkono. Nilijaribu kupanda nao gari, nikaambiwa nije kwa miguu. Nimekuja kwa miguu.

Kwa hiyo nasema hivi. Kiti nimekilaza mimi. Neno nimelisema mimi. Kama kuna wa kuwekwa nyuma ya mlango wa chuma, mimi sihitaji nafasi kubwa. Kiti cha meneja nitamtengenezea kingine, seremala jirani yetu atakichonga, cha mbao, kisicho na magurudumu, maana vitu vya magurudumu vimenichosha. Lakini lori silichukui mpaka liwe na breki niliyoagiza. Wakisema haiwezekani, waniambie huku wamesimama nyuma yake.

Nimeulizwa kama nina la kuongeza. Sina, ila ombi. Niletewe jibu upesi kuhusu binti yangu. Mjukuu atauliza jioni, na mimi si hodari wa kudanganya watoto. Nitakaa kwenye benchi hili. Wa dukani watakwambia nikikaa kwenye benchi nakuwaje.

Niliyoyaona kwa macho na kuyatenda kwa mikono yangu yameishia hapo. Nimesomewa, nimeyakubali.

Alama ya shahidi: dole gumba la kushoto.

MAELEZO YA AFISA

Nathibitisha kuwa nimemwandikia shahidi maelezo haya kwa matamshi yake na kumsomea. Alisisitiza salamu zibaki. Ametia dole la kushoto kwa kuwa la kulia halipo.

Saa tisa alasiri nilifika dukani. Nilipanda kwenye usukani. Kutoka hapo nyuma ya gurudumu hapaonekani. Kitufe kilibonyezwa mbele yangu. Nilipata joto. Nilimwomba muuzaji, na baadaye meneja, asimame nyuma ya gurudumu wakati dereva wao anaachia breki. Wote wawili walikataa. Niliandika kukataa kwao, wakatia saini. Baada ya hapo meneja alisema hana tena haja na shtaka, na kwamba atapiga simu kiwandani yeye mwenyewe.

Mtuhumiwa ameachiwa saa kumi na moja jioni. Shahidi alikuwa bado kwenye benchi. Aliagiza aletewe jibu upesi. Jibu nimelituma kupitia mlango wa chuma, likaenda kwa miguu yake likakaa kando ya mama yake. Waliondoka pamoja.

Kuhusu breki, shahidi ameniarifu kuwa kesho asubuhi atakuwa dukani kuisubiri hiyo simu. Amesema atakwenda na jiwe.