Kidole Kwenye Picha ya Zephania

Ni mwaka mmoja na siku kumi na moja sasa tangu ututoke, Zephania, Baba Bene wetu. Tangazo hili lilipaswa kutoka siku ile ile ulipotimiza mwaka, na tunajua usivyopenda mambo ya kuchelewa. Limechelewa kwa sababu mkeo Gaudiosa aligoma jina lake lisiandikwe humu. Tutakueleza yote, maana hukupenda kufichwa kitu, ingawa yeye aliamini kwamba mfichaji ni wewe.

Watu wengi wanakukumbuka kwa lifti. Ulikuja Sweden kijana, kusomea umeme, ukaishia kutengeneza lifti za maghorofa kwa miaka ishirini na sita. Ukiitwa lifti imekwama, ulibeba kwanza mifuko ya wazee hadi ghorofa ya saba, ndipo ukafungua sanduku lako la vifaa. Kuna bibi mmoja wa Rågsved ambaye hadi leo humpigia simu Gaudiosa kila Krismasi, na hawaelewani lugha vizuri, lakini wanaongea.

Nyumbani ulikuwa mtu wa maneno machache. Ulisalimia, ulikula, ulishukuru, basi. Ila ikifika mwisho wa Agosti ulibadilika. Kila Jumamosi uliamka saa kumi na moja alfajiri, ukavaa lile koti lako la mvua la kijani na kofia ya kufunika uso nusu, ukabeba kamera, ukaondoka. Unakwenda wapi? Kuangalia ndege. Wanaanza safari ya kwenda kwetu, ulisema, lazima mtu awaage.

Sasa wewe mwenyewe sema, mke gani wa Kagera angekubali hayo? Wanakwaya wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Ndege hamli, hamuuzi, mnawaangalia tu? Gaudiosa alicheka nao, lakini moyoni alianza kuhesabu. Maandazi ulichukua manne, na yeye anajua huli zaidi ya mawili. Chupa ya chai ilitoka na vikombe viwili. Simu uliizima sauti, eti ndege wanashtuka. Na wewe ambaye hukuwahi kuosha sufuria, mabuti yako uliyaosha mwenyewe kabla hayajaingia ndani. Dalili ya mvua ni mawingu, alijiambia, na mawingu yalikuwa yametanda miaka saba.

Hakukuuliza. Hilo ndilo linalomuuma zaidi. Alikuwa akisubiri ukosee, naye alikuwa na subira kuliko wewe. Kisha moyo wako ukasimama Alhamisi moja asubuhi, ukiwa unafunga kamba za viatu vya kazi, na hukupata nafasi ya kukosea.

Siku ya mazishi akaja mwanamke tusiyemjua, mwenye kitenge cha njano na mabuti yenye tope. Alisimama nyuma kabisa, na alilia kuliko sisi sote. Dada yako Brigitha alimfuata amuulize yeye ni nani, akakuta ameshaondoka. Gaudiosa alimwona. Tangu siku hiyo alilala kwenye kochi, kitandani hakutaka tena.

Mwaka ulipokaribia, tulitafuta picha yako ya kuweka hapa. Haikuwepo! Maelfu ya picha za mbayuwayu na korongo, za kwako hakuna, kwa kuwa mpigaji siku zote ni wewe. Binti yako Benedicta ndiye aliyefungua mfuko mdogo wa ndani wa begi la kamera, akatoa picha moja ya karatasi, imefungwa kwenye plastiki, kingo zimelika kwa kushikwashikwa. Ni wewe, kwenye matete, umevaa koti lile lile na kofia ile ile, unacheka mpaka macho yamefumba. Nyuma umeandika: Kyrkhamn, Septemba. Mwaka hukuandika.

Benedicta alifurahi. Gaudiosa aliishika picha ile, akaisogeza dirishani. Pembeni, chini, palikuwa na ukungu wa rangi ya ngozi. Ncha ya kidole, kimeziba lenzi.

"Kidole cha mwanamke," alisema.

"Mama, kidole ni kidole tu," Benedicta akamjibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake.

"Na kucheka huku? Lini alicheka hivi humu ndani?"

Hapo ndipo alipogoma. Alisema mtaandika ninyi, watoto wake na dada yake, mimi mniache. Siku kumi alikaa na kidole kile. Alikiangalia akinywa chai, alikiangalia akiwa kazini, kwenye mapumziko. Jumamosi iliyopita, kabla ya jua kuchomoza, alimwamsha Brigitha: "Wifi, vaa viatu. Leo nakwenda kumwona mwenyewe."

Kyrkhamn si mbali na kwenu Hässelby, unajua. Walipanda basi, wakateremka, wakafuata njia ya msituni hadi ziwani, Gaudiosa mbele na begi lako begani. Na kweli, kwenye matete alikuwepo mwanamke wa mazishini, na mabuti yale yale. Pembeni yake Waswidi wawili wazee, na darubini zao kwenye miguu mitatu.

Gaudiosa alikuwa amebeba maneno ya mwaka mzima. Alifungua mdomo, na yule mwanamke, bila hata kugeuka, akainua mkono kumnyamazisha. Furukombe alikuwa juu ya maji, anatafuta samaki. Basi mkeo akasimama pale na hasira zake mdomoni, dakika nzima, wakimsubiri ndege. Brigitha anasema hajawahi kuona kitu cha ajabu kama hicho. Ndege alipopita, ugomvi ulianza, lakini kwa kunong'ona, maana kila sauti ilipopanda wale wazee waligeuka kuwatazama.

"Wewe ni nani kwa mume wangu?"

"Niko Adrienne, mama. Wa Beni, Kongo. Ninaishi Hallunda." Hakutetereka. "Pole sana. Nilikuya kwa mazishi, nikaogopa kukusalimia."

"Uliogopa nini?"

"Kwa sababu nilikula maandazi yako miaka saba, na hukunijua."

Akamweleza. Alipofika nchi hii hakuweza kuingia msituni. Kwao, ndege wakinyamaza porini, ni kwamba kuna watu wenye bunduki. Siku moja alijilazimisha kuja hapa, ndege wakanyamaza ghafla, akaanguka chini akitetemeka. Wewe ulikuwa karibu na kamera yako. Hukumshika, hukumuuliza. Ulimwonyesha juu tu, kipanga akipita, kisha ukammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Jumamosi iliyofuata ulikuja na kikombe cha pili.

"Yeye ndiye alinifunza kwamba hapa ni kipanga tu," alisema Adrienne. "Nani mwingine angenifunza?"

Gaudiosa alisikia, lakini bado hakuamini. Akatoa picha. "Na hiki? Hiki kidole cha nani?"

Adrienne akaitazama kwa muda mfupi tu, kama mtu anayekijua kitu hicho siku nyingi.

"Ni chako, mama. Alinionyesha hii foto mara mingi. Alisema bibi yake alikuya hapa mara moja, akiwa na mimba, akateleza kwenye matope. Yeye akacheka, bibi akakasirika, lakini foto akapiga."

Ndiyo, Baba Bene. Ni miaka kumi na tisa, mimba ya Dominic, kamera ya filamu. Hasira aliikumbuka vizuri; alikuacha matopeni akaenda kusubiri basi peke yake, akaapa harudi tena. Picha zilipotoka dukani alikataa kuziangalia. Kwamba ni yeye aliyebonyeza kamera, hilo alikuwa amelisahau kabisa. Aliweka kidole chake cha shahada kwenye pembe ya picha, kikalala sawasawa juu ya ukungu ule, akakaa chini kwenye majani yenye umande.

"Nimemshuku mume wangu kwa kidole changu mwenyewe," alisema, na hakunong'ona. Wale wazee hawakugeuka safari hii.

Hatutakudanganya kwamba sasa yeye na Adrienne ni marafiki. Bado anasema mtu mwenye adabu angekuja nyumbani kujitambulisha, na kwamba hata wewe ulikuwa na mdomo. Tunaona ana haki. Lakini usiku ule alilala kitandani.

Jana, tulipokuwa tunaandaa tangazo hili, Benedicta alisema anaweza kuikata picha pembeni ili ibaki safi.

"Kiache," mama yake akasema. "Kinaonyesha nilikuwepo."

Wanaokukumbuka daima ni watoto wako Benedicta na Dominic, dada yako Brigitha, na ndugu wote wa Stockholm na Bukoba. Na mkeo Gaudiosa, aliyetuomba tuandike maneno yake bila kuyapamba: Nilikushuku, Zephania, na ulikuwa wangu. Nisamehe.