Picha ya Kichwa Chako, Minza

Mdogo wangu Minza,

Mume wetu alikuja jana huku Kishapu, kwa kaka yangu, nilikokimbilia miaka tisa iliyopita wanakijiji waliposema nimekuloga. Kabla hata ya kuketi alifungua kitenge chako cha njano, akatoa picha ya ubongo wako, ile ya MRI uliyopigwa Mwanza.

"Mama Kabula, tazama mwenyewe." Akaiinua dirishani.

Nimesoma vitabu vingi, lakini kitu kile sikuwahi kukiona. Mabaka meupe, makubwa kulia, madogo kushoto, kama chokaa iliyomwagika. Akanieleza alivyoelezwa na daktari: kuna kirusi ambacho wengi tunacho tangu utotoni, kimelala. Saratani ya damu, ambayo hatukuijua, ilikushushia kinga, nacho kikaamka, kikala utando unaofunika nyuzi za ubongo. Maji ya uti wa mgongo nayo yakathibitisha. Ndiyo maana mkono wako wa kushoto ulikufa. Ndiyo maana mbuzi ulimwita kikombe.

Kisimani walisema, "Mkubwa kamfunga mdogo ulimi, hee!" Nawe, kwa maneno machache uliyobaki nayo kabla hujafa, ukanitetea: "Dada hawezi."

Dada alikuwa na wivu, Minza. Leo nakiri. Siku ya kwanza uliyodondosha mwiko nilifurahi. Nilidhani sasa mume wetu atarudi kula ugali wangu.

Nikanyoosha mkono niipokee picha. Akaikumbatia. "Taratibu! Vidole vinaiharibu."

Mtu huyu hana picha yangu hata moja. Mimi niliumwa kifua msimu mzima, akaniletea mizizi. Wewe aliuza ng'ombe ili uonwe mpaka ndani ya kichwa.

"Miaka yote hii unayo," nikamwambia. "Kwa nini hukuwaonyesha watu?"

Akainama. "Wangeishikashika."

Basi ndiyo hiyo. Nilikaa ugenini ili picha yako isichafuke. Nikatamani mabaka yale yangekuwa yangu.

Hata jana hakuja kwa kutaka. Limbu, binti yako, sasa yuko sekondari. Alisoma karatasi ya daktari, akamwambia baba yake, "Kamrudishe mama mkubwa, au mimi sikupikii tena."

Jumamosi narudi. Picha itaonwa na kijiji kizima, nami ndiye nitakayeishika. Kisha nitamrudishia mwenyewe.

Pumzika, mdogo wangu. Limbu nitamlea, nakuahidi. Akiniita mama nitaitika. Ila usinidai niache wivu, maana kila atakapoita nitajua alianza kukuita wewe.

Dada yako,
Mama Kabula