Barabara Inayopita kwa Mama

2 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limepunguza visirani. Mimi sijambo, ila baridi ya huku hainipendi, na kazi ghalani inaendelea.

Fundi viatu ameniandikia kwamba uchaguzi wa diwani umekaribia na wewe unazunguka mtaani kumpigia debe mwenye duka la mbao. Baba, kweli? Yule asiyetaka barabara? Mwalimu mstaafu ndiye anayetaka uchochoro wetu upanuliwe ili gari la wagonjwa liingie. Umemsahau Mama? Tulimtoa kwa kitanda, wewe mbele, mimi nyuma, na gari linatusubiri kule nje limewasha taa. Alikata roho tukiwa bado tunahangaika kukigeuza kitanda kwenye kona ya mashine ya kusaga.

Mpe Mwalimu kura yako. Nakuomba kwa ajili ya Mama. Nisalimie majirani.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti siku hizi lina mdomo, kila nikipanda kwenye jukwaa la ujenzi linanisema. Vinginevyo nipo, matofali bado yananitii. Nimefurahi kusikia hujambo. Vaa soksi mbili.

Unaniuliza kama nimemsahau mama yako. Unaniuliza mimi.

Sasa sikia jambo ambalo fundi viatu hakukuandikia. Barabara hiyo haina pa kupita ila makaburini. Kulia kuna mtaro mkubwa, kushoto kuna nyumba za watu. Mwalimu alinionyesha ramani mwenyewe, hakunificha. Inakata safu ile ya ukingoni, na mama yako yumo. Wote wa safu ile watafukuliwa na kupelekwa makaburi mapya nje ya mji, mahali ambapo mpaka upande gari, ushuke, kisha upande jingine. Mwenye duka la mbao ameahidi kuyazungushia makaburi ukuta, na kazi atanipa mimi. Hata asingenipa, ningempigia debe.

Kila nikitoka kazini napita kwa mama yako. Namweleza nimejenga nini na nani kaninyima maji ya kunawa. Wahenga walisema aliyelala usimwamshe. Na wewe uliye huko, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Baba yako

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, na soksi ni mbili kama ulivyoagiza. Goti je?

Nisamehe. Sikujua kwamba inapita hapo. Nimetembea na barua yako mfukoni wiki nzima nikiogopa kuijibu, na hata sasa sijui kama ninachokuandikia ni haki. Lakini Mama hakuwahi kukaa kwenye kiti kama kuna mtu amesimama. Hata mdai kodi alimpisha. Angekuwepo, unadhani angesemaje?

Amua utakavyo. Sitakulaumu tena.

Mwanao

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo kidogo.

Uchaguzi umekwisha. Siku chache kabla yake, binti wa fundi viatu alibanwa na pumu. Gari likaitwa, likasimama kule kule linakosimama siku zote. Tukamlaza kitandani, tukambeba, mimi nikashika mbele kwa mazoea. Pale kwenye kona ya mashine tukakwama. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi na baba yake nyuma yangu ananiambia, "Mzee, vuta. Nakuomba, vuta." Sikuwa na nafasi ya kuvuta. Tulimwinamisha kama tunaingiza kabati. Amepona, tunashukuru.

Siku ya kura nilivaa fulana ya mwenye duka la mbao, sikuwa na nyingine safi. Nikaingia nayo, nikampa Mwalimu kura. Nilipotoka, wenzangu wa kampeni wakanipa soda kwa kazi nzuri. Niliinywa. Jioni wakatangaza kwamba Mwalimu ameshinda, na nilikaa nao tukihuzunika pamoja, ingawa kila mmoja kwa lake.

Mama yako sijamwambia. Tangu siku ile narudi nyumbani kwa njia ya mbali.

Baba yako

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikalia mbele ya watu. Umefanya vizuri, Baba. Usimhamishe Mama peke yako. Nimeshaomba ruhusa kazini, nitakuja tumbebe wote wawili.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimepata ujumbe wako kwamba mkubwa wako amekunyima ruhusa. Usijilaumu, kazi ya mtu ina mwenyewe.

Tumemhamisha. Vijana wa halmashauri walikuja na glavu na adabu, sina lawama nao. Nilikwenda mapema kabla yao, nikamweleza mama yako kila kitu, kuanzia fulana mpaka soda. Nilimwambia pia kwamba ungekuja.

Waliponipa sanduku, nilimwuliza kiongozi wao kama hawajakosea, maana lilikuwa dogo. Akasema, "Hapana, mzee. Ndivyo inavyokuwa." Nilimbeba mwenyewe mpaka kwenye lori. Hapakuhitajika mtu wa nyuma.

Huko alikolala sasa ni kuzuri, kuna nafasi. Lakini ni mbali. Goti limekubali kunifikisha mara moja tu.

Baba yako

17 Julai

Baba,

Shikamoo. Ungekuwa karibu ningekushika mkono tu. Ulifanya vizuri. Niandikie, hata mstari mmoja.

Mwanao

5 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Hii ni ya pili bila jibu. Fundi viatu anasema u mzima, unafanya kazi, ila huongei sana. Kama umenikasirikia, niambie. Nakwambia tena, ulifanya vizuri.

Mwanao

14 Januari

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kukuweka roho juu. Sikukukasirikia. Nilikuwa sina la kukuandikia ambalo baba anamwandikia mwanawe.

Barabara imekwisha. Ni nzuri, ina lami na mifereji. Juzi binti wa fundi viatu alibanwa tena. Gari la wagonjwa likaingia mpaka mlangoni kwao, dereva akaligeuza kwa urahisi, wakamchukua, wakaondoka. Hata chai niliyokuwa nimemimina haikupoa. Mtaa mzima ulitoka kupiga makofi, Mwalimu akabebwa juu juu.

Mimi nilirudi ndani nikafunga mlango. Nilimwonea wivu yule mtoto. Mtoto niliyembeba kwa mikono hii, mwanangu, nilimwonea wivu kwamba gari limemfikia. Nilikaa kwenye kitanda cha mama yako nikaona aibu, na wivu haukuondoka.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba nilifanya vizuri. Najua nilifanya vizuri. Nyumba imekuwa kubwa na sina wa kupita kumsalimia nikitoka kazini. Acha kuandika, uje.

Baba yako