Shemeji Juu ya Mchungwa

Nassima, acha unachofanya usome.

Unamjua Boualem, kaka wa marehemu mume wa dada yangu Zoulikha? Leo kaja na msumeno kumpogolea dada yangu miti ya uani. Zoulikha akamwambia, "Shemeji, toa matawi makavu tu. Mchungwa usiuguse, umejaa maua." Si unajua kila majira ya machipuko hutengeneza maji ya kunukia kwa maua hayo, ndiyo riziki yake.

Tumeingia jikoni kumpikia kahawa. Kutoka, nusu ya mchungwa iko chini! Nusu, Nassima! Maua yamelala udongoni!

Zoulikha akamuuliza, "Nimekukosea nini?"

Naye kule juu ya mti, bila haya: "Mti huu unaficha mlango wako. Nataka mtaa mzima uone nani anaingia humu kwa mjane."

Nani anaingia humu! Kamwambia hivyo mke wa ndugu yake, na majirani wanasikia!

Dada yangu akaishika ngazi aliyopandia, akaiburuta hadi sebuleni.

"Rudisha ngazi, wewe mwanamke!"

"Si ulitaka kuona wanaoingia? Haya, kaa uangalie."

Tumbo lile litarukaje? Kapiga kelele mpaka mama yake mzazi akaja, akaelezwa yote. Bibi akamtazama, akasema, "Omba radhi. Kwa sauti ileile uliyomtukania."

Hajaomba. Yuko juu mpaka sasa. Chini yake Zoulikha na mama mkwe wanaokota maua, wala hakuna anayeinua uso.