Mama alivyokwenda kumdai baba klabuni

Shoga, acha unachofanya unisikilize. Mama yangu ameingia kwenye mkutano wa klabu ya kujitolea ya baba, ile ya kupelekea wagonjwa misaada. Bila kualikwa.

Unamjua baba, mchana alikuwa mhasibu, jioni na wikendi yuko klabu, tangu sijazaliwa. Alimwahidi mama kwamba akistaafu kazi, na klabu anaacha. Kazi ameacha. Leo kavaa fulana ya klabu, kaondoka hata chai hajamaliza.

Basi mama kanishika mkono, huyo mpaka ukumbini. Kasimama mbele ya watu wote: "Nimekuja kumchukua mume wangu. Mmemtumia vya kutosha."

MMEMTUMIA. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba anaangalia viatu vyake tu.

Mwenyekiti, mpole kweli, akamuuliza, "Mama, kuna lingine?"

"Lipo. Vile viti vya magurudumu hapo nje mnavipakia vibaya kwenye lori. Vitawafikia wagonjwa vimepinda."

"Wewe ungevipakiaje?"

Shoga, mama katoka nje, kajifunga mtandio kiunoni, anaamrisha watu wazima: "Shusha hicho, geuza hiki." Na baba naye anashusha. Hata mimi nimebeba.

Lori lilipojaa wakamwomba aende nalo akasimamie ushushaji. Kapanda mbele kwa dereva, hata kutuaga hakutuaga.

Sasa niko na baba sebuleni. Kila saa ananiuliza mama anarudi lini. Nimemjibu vilevile mama alivyokuwa akinijibu mimi nikiwa mdogo: "Yuko klabu. Wewe kula, ukalale."