Mungu wa Bwana Pamba

Jumamosi jioni

Mwanangu Kabula amegusa paji la uso sasa hivi, akasema, "Kwa jina la Baba," kisha akamega ugali. Nikamwuliza Mwana na Roho Mtakatifu wako wapi. Akanijibu, "Baba anaishia hapo."

Ndiyo, baba yake. Leo kwenye mtihani wa ubatizo katekista alimwuliza Mungu ana nafsi ngapi, mume wangu akajibu moja. Kafundishwa na Bwana Pamba, yule afisa Mwingereza wa kilimo cha pamba anayempikia. Mzee huyo anasoma Biblia kutwa, ila kwake Mungu ni Baba peke yake, na Yesu alikuwa mtu mwema tu.

Basi ubatizo umeahirishwa, na padri alishasema hatatufungisha ndoa ya kanisani mpaka mume wangu abatizwe. Nitaendelea kubaki kwenye benchi wenzangu wakienda komunyo. Hilo linaniuma.

Mume wangu ananisimulia kwa fahari, eti zamani Uingereza maofisa na wasomi wa imani hiyo walivuliwa vyeo na hawakubadilika. Nikamwambia, "Wao walikuwa na vyeo. Wewe una mimi."

Jirani yangu Mama Zuhura kacheka mpaka kashika ukuta. "Shoga, mumeo kashafika mlangoni kwetu msikitini. Msukume kidogo tu."

Nimecheka naye, lakini naogopa. Mama yangu kule Ushirombo nitamwambia nini?

Ila tangu tule namsikia uani anajisomea, "Mungu mmoja, nafsi tatu," polepole, kama anayepanga kuni. Ananiita.

"Mama Kabula, njoo kidogo. Yule wa tatu anaitwa nani?"

Ngoja niende kabla hajaghairi.